Rubí, Tanu, Paola au Hürrem: Hasimu Gani Awashwe Saluni ya Kondele?

Ukipita Kondele, mtaa wa Kisumu, saa tisa alasiri, saluni moja baada ya nyingine imewasha runinga, na karibu zote zinaonyesha kitu kimoja: mwanamke aliyepakwa wanja anamkodolea macho mwanamke mwenzake, ngoma zinalia nyuma yao, na hakuna anayepepesa. Wateja wako kwenye simu zao. Kofi likipigwa, vichwa vyote vinainuka kwa pamoja, hata kile kinachosukwa, na msusi anapoteza njia aliyokuwa ameshaichana. Hapa tamthilia hizo zinapimwa kama bidhaa ya saluni, jinsi mtu angepima draya au sinki la kuoshea nywele. Rasta ndogo zinakula saa nne hadi sita. Matuta ni saa moja, pengine chini ya hapo. Aliye chini ya draya hasikii neno kwa nusu saa nzima. Tamthilia inayomfaa mmoja humchosha mwingine, na mwenye saluni anayelipia kifurushi kila mwezi ana haki ya kujua pesa yake inamnunulia wivu wa aina gani.

Kipimo ni kimoja: hasimu akishindwa, anapoteza nini? Huku Nyanza swali hili halihitaji maelezo marefu. Mke mwenza kwa Kijaluo ni nyieka, neno lenye shina moja na nyiego, yaani wivu. Lugha ilishasema yote kabla dekoda haijafika. Lakini boma la mitara lilikuwa na taratibu zake. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ilitazamana na lango. Nyachira, mke wa pili, na reru, wa tatu, walijengewa kwa mpangilio unaojulikana. Mikayi ndiye aliyetangulia kupanda mbegu, ndiye aliyetangulia kuvuna. Wana wa kila nyumba walirithi mashamba ya mama yao. Kijicho kilikuwepo, tena tele, ila aliyeshindwa leo alibaki na paa lake, jiko lake na mpaka wake wa shamba. Tamthilia nzuri ya mahasimu huuondoa huo mpaka ikakuacha uone kinachofuata. Mbaya hujifanya imeuondoa.

Tuanze na hiyo inayojifanya, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka. Kumkum Bhagya ilianza India Aprili 2014 kwenye Zee TV. Huku inatufikia kupitia Zee World, imetiwa sauti za Kiingereza na kupewa jina Twist of Fate. Pragya, mwalimu mpole wa miwani, anaolewa na Abhi, nyota wa muziki wa roki. Tanu, mwanamitindo aliyekuwa mpenzi wa Abhi, hakubali kuachwa. Aliya, dadake Abhi, ana kinyongo chake mwenyewe kwa sababu ya Purab, mwanamume anayemtaka, basi wanawake hao wawili wanafanya ubia. Silaha nzito ya Tanu ni mimba: mtoto ni wa Nikhil, mwanamume mwingine, lakini Tanu anaapa ni wa Abhi.

Njama zao zote zimekatwa kwenye gora moja. Siri inasikika na mtu anayepita mlangoni. Karatasi ya hospitali inabadilishwa, au glasi inatiwa kitu. Mlipuko unasubiri sherehe ya familia, kwa sababu hapo ndipo waigizaji wote huwa sebule moja na mapambo yameshatundikwa. Pragya anapata ushahidi, na ushahidi huo, mara nyingi ni video kwenye simu, unapotea hatua mbili kabla haujafika mkononi mwa Abhi. Halafu upya. Tanu akifumaniwa anafukuzwa, lakini hapotezi kitu ambacho hawezi kurudi kukichukua. Ndiyo maana vipindi vikapita 2,000, hadithi ikarushwa miaka 20 mbele, na mabinti pacha wa Pragya, Prachi na Rhea, waliolelewa mbalimbali, wakakabidhiwa ugomvi wa kumgombania Ranbir kama watu wanavyorithi shamba. Gari ni lilelile, wamebadilisha vitambaa vya viti.

Hata hivyo, kwa aliye chini ya draya hakuna bora kuliko hii. Imetengenezwa ieleweke kwa macho matupu. Uso wa Tanu unaletwa mara tatu mfululizo, kila mara kamera imesogea karibu zaidi. Skrini inameta nyeupe. Uso wa Pragya mara tatu. Kisha wa Abhi, ambaye bado hajaelewa kitu. Sauti ya nini hapo? Na mteja wa matuta akiingia katikati, dakika moja inatosha kumjua mwovu: wanja mzito, mavazi yanayometameta mchana kweupe, na tabia ya kuongea peke yake akiutazama ukuta. Kwa wa rasta, hapana. Saa tano za Tanu ni kofi moja lililokatwa vipande, na kichwa kinachovutwa nywele hakihitaji adhabu ya pili.

Rubí ya Televisa, ya mwaka 2004, ina vipindi 115 na ina mwisho. Katika biashara hii ya tamthilia hilo peke yake ni fadhila. Hadithi ilizaliwa kwenye katuni za Yolanda Vargas Dulché, Mexico, miaka ya 1960, na alama ya katuni bado imo: kila tukio kubwa lina picha moja inayokubakia kichwani. Rubí ni maskini, na uzuri wake ndio mtaji wote alio nao. Rafiki yake Maribel ni tajiri, na mguu wake mmoja ni wa bandia. Maribel amempata mchumba, Héctor, kwa mazungumzo ya intaneti, na anaogopa siku atakayouona ule mguu. Anayeijua hofu hiyo kuliko mtu yeyote ni Rubí. Hapa tulia utazame kazi ya mjuzi. Hamtukani mwenzake, hamwekei sumu, hapandi nyuma ya pazia. Anakaa karibu naye tu kama shoga, anamsikiliza, na kila siri anayopewa anaiweka akiba.

Kisha anakosea hesabu. Anampenda Alejandro, daktari, rafiki wa Héctor, akidhani naye ana mali. Akigundua hana, anageuza shingo upande wa Héctor, na siku ya harusi ya Maribel bwana harusi anaondoka na rafiki wa bibi harusi. Maribel amevaa, amengoja. Wawili hawapo. Mtazamaji anajumlisha moja na moja kabla yake, na hizo dakika ambazo wewe unajua na yeye bado hajui ndizo zinazouma kuliko makofi yote ya Zee World ya mwaka mzima. Msusi mwangalifu ataweka kitana chini kabla ya kipindi hicho.

Nusu ya pili ni bora kuliko watu wanavyoisema. Mume aliyeibwa anajua kwamba mwizi hana siku ya mapumziko. Héctor anageuka askari wa lango, na Rubí anakuta kwamba nyumba ya kifahari aliyoililia ina kufuli kwa nje. Alejandro naye anapata jina na pesa, tayari njia ya kurudi imezibwa. Mwisho Rubí anaanguka, vioo vinamchana uso, mguu unakatwa. Maribel hakuinua hata kidole. Yeye yuko na Alejandro, amelipiwa kisasi ambacho hakukiagiza. Kasoro iko hapo hapo: mguu wa bandia wa Maribel ulioneshwa kama maisha ya kawaida ya mtu, na wa Rubí ukaletwa kama adhabu. Ni ulipaji wa jino kwa jino unaomdhalilisha kila mtazamaji mwenye mguu wa aina hiyo, na wapo wengi. Halafu kuna mkia: miaka imepita, Rubí anamlea Fernanda, binti wa dadake, sura yake tupu (Bárbara Mori anacheza wote wawili), na anamtuma kwa Alejandro. Kwa kipimo chetu Rubí amepoteza uso, mguu, mume na mpenzi, na kilichobaki ni wivu wenyewe, mzima wa afya, umepata mwili mpya.

Shida ya Rubí saluni ni kalenda. Rasta za saa tano zinameza vipindi saba hivi. Mteja huyo atarudi baada ya mwezi au zaidi, na wakati huo saluni imeshafika mazishi. Anayefaidi ni msusi. Dawa iliyopo ni kuiweka Jumamosi pekee, ambapo wateja wa rasta ni wengi, na kuandika namba ya kipindi cha mwisho kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya runinga. Mteja akija asome mwenyewe alipoachwa.

Wanaoichezesha kwa flashi, kwa nakala waliyoipata kihalali, wajihadhari na mambo matatu. La kwanza ni majina ya mafaili. Yakiandikwa 1, 2, 3 bila sifuri mbele, runinga nyingi huyapanga 1, 10, 100, 101, na kabla hujashtuka Rubí amekatwa mguu kabla ya kumwiba mtu mchumba. Kisasi kimetangulia kosa. Andika 001, 002, 003. La pili ni nafasi: kipindi cha megabaiti 250 mara 115 ni karibu gigabaiti 29, na flashi ya 32 ikishawekwa mpangilio wake hubaki na kiasi hichohicho. Nunua ya 64. Ila flashi ya 64 mara nyingi huja na mpangilio wa exFAT, na runinga za zamani humwambia mwenyewe kwamba hakuna kitu ndani. Ipeleke kwa kompyuta ibadilishwe kuwa FAT32, ukikumbuka kwamba FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. La tatu, ukisikia sauti na picha ni giza, faili limefungwa kwa H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana video, na runinga yako haijui kulifungua. Omba H.264. Kubadilisha kebo hakutasaidia.

La usurpadora, 1998, vipindi 102. Paola Bracho, mke wa tajiri, anamkuta mhudumu wa choo cha wanawake huko Cancún mwenye sura yake kabisa, anamlazimisha akae nyumbani kwake mwaka mzima kama mke, yeye aende akastarehe na mpenzi. Mhudumu huyo, Paulina, anaifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi: watoto wanampenda, bibi mzee anaacha ulevi, kiwanda cha familia kinasimama. Paola anaporudi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu na kujifanya amepooza, anakuta jina lake mwenyewe limekuwa jina jema bila yeye. Wivu wa namna hiyo ni adimu: mtu kujionea kijicho. Gabriela Spanic anacheza wote wawili, na anawatenganisha kwa shingo na kicheko. Paola hucheka kichwa kikiwa nyuma, Paulina hutazama chini. Tatizo ni la ukubwa wa runinga. Kwenye inchi 24 iliyotundikwa juu ya mlango, mteja aliyeingia sasa hivi ataona mwanamke mmoja mwenye hasira zisizoeleweka. Kwa sebuleni, alama zote. Kwa saluni, pengine siku hakuna watu.

Nayo Wildflower ya Ufilipino (2017 hadi 2018) inafaa kutajwa kwa sababu ndiyo yenye kisasi cha kupangwa kwa karatasi na kalamu. Lily Cruz, ambaye familia ya Ardiente iliwaangamiza wazazi wake, anarudi kwa jina la Ivy Aguas, na pesa, na anaanza kumng'oa Emilia Ardiente nguzo moja moja, kuanzia kwa wanaume wa nyumba hiyo. Nusu ya kwanza ina nidhamu. Baadaye watu wanaanza kufa na kufufuka ovyo, na kifo kikirudishwa mara moja tu, kipimo chetu kimevunjika.

Sasa Hürrem. Tamthilia ya Kituruki ya Muhteşem Yüzyıl ilidumu 2011 hadi 2014, misimu minne, vipindi 139, na Azam TV waliitia sauti za Kiswahili wakaiita Sultan. Hii ndiyo tamthilia ya nyieka halisi, na ndiyo pekee kati ya zote hizi ambayo mtu wa Siaya au Homa Bay anaweza kuifuata akiwa na ramani kichwani. Mahidevran ndiye aliyetangulia, mama wa Mustafa, mwana mkubwa. Hürrem ni mtumwa aliyeletwa kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine. Utaratibu wa jumba la Suleiman, sultani wa dola ya Kituruki ya Uthmaniya, ulikuwa kwamba mwanamke akishamzalia sultani mwana wa kiume, zamu yake imekwisha. Huondoka na mwanawe wakati ukifika na kumlea awe mtawala. Hürrem alivunja utaratibu huo, akazaa wana kadhaa, na mnamo miaka ya 1530 Suleiman akamwoa kabisa.

Hapa mpaka umeondolewa kwelikweli. Katika dola ile mwana mmoja alirithi vyote, na sheria iliyowekwa tangu Mehmed wa Pili ilimruhusu anayeshika kiti kuwaua ndugu zake. Hakuna nyumba ya mikayi wala ya nyachira. Hakuna shamba la mama. Mwana wa mwenzio akirithi, wako wanazikwa. Kwa hiyo kila wanawake hao wawili wanapopishana kwenye ukumbi, yule anayetabasamu kwanza anahesabu vichwa vya watoto. Mustafa aliuawa mwaka 1553 kwa amri ya baba yake. Hürrem alikufa 1558, na baada yake wanawe wawili, Selim na Bayezid, wakapigana wao kwa wao, Bayezid akauawa 1561. Huhitaji mwandishi wa tamthilia kuongeza chumvi.

Tukio la kutazama kwa karibu ni lile la ugomvi wa kwanza mkubwa, ambalo balozi wa Venice, Navagero, aliliandika katika karne hiyohiyo. Mahidevran alimwita mwenzake nyama ya kununuliwa, akamparura uso na kumng'oa nywele. Sultani alipotuma aitwe, Hürrem alikataa kwenda. Akajibu kwamba yeye ni nyama ya kununuliwa tu, na uso wake umeharibika, hafai kuonekana. Jibu hilo lilimmaliza Mahidevran kuliko kucha. Tanu angepiga yowe akaonyesha alama kwa kila anayepita. Hürrem alizificha, na kule kuzificha ndiko kulikomfanya sultani azidi kutaka kumwona. Yeyote aliyewahi kuona wanawake wakisemezana kwa maandishi ya leso bila kufungua mdomo anaielewa mbinu hii mara moja.

Sauti za Kiswahili zinaibeba vizuri, na sababu mojawapo ni ya kisarufi. Kituruki hubandika mengi kwenye kitenzi kimoja, Kiswahili nacho vilevile. "Nitamwangamiza" ni neno moja: nani, lini, nani tena, na kufanywa nini. Mdomo wa mwigizaji unafungwa wakati sauti inafungwa. Kiswahili chenyewe ni cha Tanzania, cha adabu nyingi, na Kondele hakuna anayemtukana mwenzake kwa upole kiasi hicho, lakini ndipo utamu ulipo. Kwa wa rasta, hii ndiyo namba moja. Kwa wa draya ni hasara, kwani kila kitu kiko kwenye maneno na nyuso zimetulia kama sanamu. Onyo moja: Meryem Uzerli aliyemcheza Hürrem aliondoka 2013, na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Mwambie mteja mapema, la sivyo kipindi kizima kitaisha watu wakiuliza huyu mwingine ni nani.

Za kwetu zitajwe kwa haki. Maria, iliyokuwa Citizen kuanzia 2019 hadi 2021, ilikuwa na Sofia na Maria wakimgombania Luwi, Kiswahili safi, na watoto wa mtaa mzima waliijua. Tatizo lake kwa saluni lilikuwa saa: saa moja na nusu jioni wengi wanafagia nywele na kutafuta boda.

Kuhusu mitambo. Dishi la DStv huku Kisumu hutazama karibu utosini, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki na sisi tuko karibu nyuzi 35, jirani na ikweta. Vumbi, majani na maji hukaa ndani yake kuliko lililoinamia upande. Lipanguse mara moja kwa mwezi. La Azam huelekea magharibi, usimruhusu fundi alifunge nyuma ya mwembe wa jirani. Mvua za radi za jioni zikija, picha ya dishi inakatika dakika kumi au ishirini kwa sababu matone huyameza mawimbi. Ukiona msimbo E48-32 (hakuna mawimbi) wakati wa mvua, subiri, na ukiiona jua likiwaka, angalia kebo. E16 ni malipo. GOtv hutumia antena ya kawaida, kwa hiyo mvua haiisumbui sana, lakini hakikisha kwanza kwamba kifurushi unachonunua kina Zee World, kwani si vyote vilivyo nayo. Na kifurushi cha nyumbani hakikuuzwa kwa matumizi ya biashara. DStv wana vya biashara, uliza bei kabla hujapiga msumari ukutani.

La mwisho ni sauti. Ukiipandisha hadi ishinde draya, draya ikizimwa ghafla Tanu ataingia chumbani kama gari la zimamoto, na mkono wa msusi ulioshika sindano ya kushonea utaruka. Iache kati, hamisha kiti cha draya kitazame skrini, na kama tamthilia ina maandishi chini, yawashe.